Kuendesha lori mwishoni mwa wiki bila kuacha ajira yako: mwongozo kwa mkazi wa Dodoma

Mtu anayefanya kazi ofisini Mtumba, anayefundisha shule Chamwino au anayeuza duka la mwenzake Majengo, akifikiria kuendesha lori, huona kwamba kikwazo chake cha kwanza ni ukubwa wa gari. Ukubwa wa gari huzoeleka. Kisichozoeleka ni saa ya kuripoti kazini Jumatatu asubuhi, nayo ndiyo inayopaswa kukuchagulia safari, gari na tajiri, yaani mwenye gari, wa kumfanyia kazi. Mimi nimeshika usukani wa Fuso siku za Jumamosi na Jumapili kwa miaka kadhaa huku nikiendelea na kazi ya ofisini, na karibu kila kosa nililolifanya lilitokana na kuisahau saa hiyo.

Dereva wa namna hii mtaani huitwa deiwaka, yaani mtu anayepokea gari kwa siku moja au mbili wakati dereva wa kudumu anapumzika, anaumwa au amekwenda msibani. Jina hilo lina harufu ya dharau kidogo, lakini nafasi zenyewe ni za kweli, kwa sababu tajiri mwenye gari moja au mawili hapendi kuliona limeegeshwa Jumamosi wakati mahindi yanasubiri Kibaigwa. Hata hivyo, kabla ya kumfuata tajiri yeyote, anza na leseni yako.

Madereva wengi wa magari madogo wana daraja B, nalo haliruhusu kuendesha gari la biashara. Daraja D linaruhusu gari la biashara lisilo zito na lisilobeba abiria, kama pikapu au Kirikuu. Lori zito linahitaji daraja E, na sharti lake ni kuwa umeshikilia daraja D kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kwa hiyo mwenye B peke yake asijidanganye kwamba ataanza na Fuso mwezi ujao. Njia yake ni kupata D, kubeba mizigo ya mjini kwa Kirikuu au pikapu, na kuiacha miaka mitatu ihesabike huku mkono ukizoea mzigo. Wapo wanaoona kwamba huko ni kupoteza muda. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa kazi ya Kirikuu kati ya soko la Majengo, Sabasaba na Nzuguni humfundisha mtu mambo ambayo lori halimpi nafasi ya kujifunza, kama vile kurudi nyuma kwenye uchochoro uliojaa watu, kufunga mzigo usiyumbe, na kusimama imara mbele ya mteja anayetaka kuongeza gunia moja zaidi.

Hatua za kupata daraja jipya zinafahamika: leseni ya kujifunzia, mafunzo katika chuo kinachotambulika, mtihani wa askari wa usalama barabarani, kisha leseni yenyewe kutoka Mamlaka ya Mapato, ambako utatakiwa kuwa na namba ya mlipakodi. Kwa mafunzo ya magari makubwa, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Dar es Salaam, na chuo cha VETA Kihonda, Morogoro, kinajulikana kwa kufundisha madereva. Panga likizo yako ya mwaka iangukie kwenye kozi, kwa maana mafunzo ya kuibia ibia jioni hayamjengi dereva wa lori. Kumbuka pia kwamba LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ina utaratibu wake wa kuwatahini na kuwasajili madereva wa magari ya biashara, na kwa bahati nzuri makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma.

Ukishapata leseni, usiombe usukani mara moja. Omba kiti cha pembeni. Safari mbili au tatu ukiwa na dereva mzoefu, wewe ukifanya kazi za utingo za kufunga turubai, kuweka kabari na kuhesabu magunia, zitakuonyesha mzigo unavyolisukuma gari kwenye mteremko na namna gari tupu linavyorukaruka njia hiyo hiyo wakati wa kurudi. Utingo ambaye kesho atakuwa chini ya mamlaka yako atakuheshimu zaidi akikumbuka kwamba uliwahi kuvuta kamba pamoja naye.

Mwajiri wa kwanza na saa zako

Soma mkataba wako wa ajira kabla hujamgusa tajiri wa lori. Mikataba mingine inakataza kazi ya pili kabisa, mingine inataka ruhusa ya maandishi, na mingine haisemi lolote, jambo ambalo bado si ruhusa. Mtumishi wa umma aombe kwa barua na abaki na nakala iliyopokelewa. Barua hiyo iseme wazi kwamba kazi ni ya siku za mapumziko, kwamba haina uhusiano na zabuni wala mizigo ya ofisi yake, na kwamba muda wa mwajiri hautaguswa. Barua ya namna hii ni kero ya siku moja, ilhali kukutwa na bosi wako ukiwa mizani, kwenye kituo cha kupimia uzito wa malori, siku uliyoomba ruhusa ya ugonjwa ni kero ya miaka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Mwajiri wako wa kwanza hazioni saa ulizozitumia kwa wa pili, na tajiri wa lori hajui kwamba ulikesha Ijumaa ukifunga hesabu za mwezi. Wewe peke yako ndiye mwenye daftari la saa zote, kwa hiyo liwe daftari la kweli. Langu ni la kurasa za mistari: upande wa kushoto naandika saa ya kulala, upande wa kulia saa ya kuamka, na chini yake saa za usukani. Kanuni niliyojiwekea ni mbili tu. Usingizi wangu wa usiku wa kuamkia safari ukiwa haukufikia jumla ya saa 7, siendi; na nikifika saa 2 usiku Jumapili nikiwa bado njiani, naegesha mahali salama na kuipigia ofisi simu mapema.

Watafiti wa usingizi wameonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mtu mwenye kiasi cha pombe cha 0.05 kwenye damu. Ukipiga hesabu, mtumishi aliyeamka saa 11 alfajiri Ijumaa, akashinda kazini, kisha akapokea lori jioni ili “awahi foleni ya kushusha”, anafikia saa ya 17 saa 4 usiku, akiwa bado hajafika popote. Ndiyo maana safari ya Ijumaa jioni, ambayo matajiri huipenda kuliko zote, ndiyo ya kwanza kuikataa. Kahawa ya stendi, muziki wa sauti ya juu na dirisha wazi havirudishi usingizi, bali vinakuficha usione kwamba umekwisha.

Kuchagua safari kwa hesabu ya kurudi

Anza na saa ya kurudi, siyo na malipo. Lori zito lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50, kwa hiyo ukijumlisha vijiji, matuta, mizani na vituo vya ukaguzi, mwendo wa wastani wa gari lenye mzigo ni kama kilomita 50 kwa saa. Kwa hesabu hiyo Kibaigwa, isiyofika kilomita 100 kutoka mjini, ni safari ya saa mbili kasoro kwenda na hivyo hivyo kurudi, na hata ukisubiri kupakia kwa saa nne bado utakula chakula cha jioni nyumbani. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ninayomshauri kila mtu. Soko la nafaka la Kibaigwa lina mizigo, barabara ni ya lami, na hitilafu ikitokea mafundi hawako mbali.

Singida ni hatua ya pili. Ni kama kilomita 240, yaani saa tano za kwenda. Ukiondoka saa 12 asubuhi Jumamosi utafika mchana, utashusha saruji au bidhaa za duka, utalala, na Jumapili utarudi na vitunguu au alizeti bila kukimbizana na giza. Wanaofanya yote kwa siku moja wapo, nami niliwahi kufanya, lakini saa kumi za usukani na mbili za kushusha ni saa kumi na mbili kamili kabla hujahesabu tairi moja iliyopasuka. Njia ya Iringa kupitia Mtera na ile ya Kondoa kwenda Babati zinaweza kupangwa kwa namna hiyo hiyo ya kulala huko. Dar es Salaam, kama kilomita 450 kutoka hapa, haimfai kabisa mtu wa Jumatatu, na tatizo lake kubwa ni foleni ya kupakia na kushusha, ambayo hakuna mtu anayeweza kukuahidi itakwisha lini, hata kuliko umbali wenyewe.

Msimu nao uingie kwenye mpango wako. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ni mzigo usiopenda kusubiri. Mwenye shamba Mpunguzi akishakata, anataka gari leo. Kwa mtu mwenye ajira hiyo ni kazi ngumu, kwa kuwa zabibu haijui Jumamosi. Mahindi, mtama na alizeti ni mizigo yenye subira. Mkaa na mbao zina hati yake ya kusafirishia mazao ya misitu na haziruhusiwi kusafirishwa usiku, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, kwa hiyo yeyote anayekuambia upakie mkaa Jumamosi jioni ili uingie mjini usiku anakutafutia kesi.

Makubaliano na tajiri

Malipo ya deiwaka huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni kiasi maalumu kwa safari pamoja na posho ya chakula na malazi. Ya pili ni hesabu, ambapo unampelekea tajiri kiwango mlichokubaliana na kinachobaki ni chako. Mtu wa siku mbili asikubali hesabu. Hesabu humfanya dereva atamani safari ya pili kabla ya kupumzika ya kwanza, na mtego wake humnasa zaidi yule mwenye mshahara mwingine, kwa kuwa anaona anaweza kuthubutu.

Kwa kila safari andikeni karatasi moja yenye tarehe, njia, mzigo, malipo na majibu ya maswali haya: nani analipa mafuta, nani analipa tairi ikipasuka, nani analipa faini ya kosa la gari na nani ya kosa la dereva. Faini ya papo kwa papo ya barabarani ni shilingi 30,000 kwa kosa moja, na makosa matatu ya taa na matairi, ambayo si yako, yanaweza kumeza malipo yako ya siku. Sheria inatambua mkataba wa kazi maalumu, nao unafaa hapa. Uliza pia kama tajiri amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo magari mengi huwa nayo, humlipa uliyemgonga, haikulipi wewe uliyevunjika mguu. Uhai wa bima unaweza kuuangalia mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi, kwa kutumia namba ya gari. Gari lenye rundo la faini zisizolipwa linakuambia habari za mwenyewe bila kumuuliza.

Mimi nilijifunza umuhimu wa karatasi hiyo karibu na Pandambili. Tairi la nyuma la ndani lilipasuka saa 11 jioni Jumapili, na tuliposhusha la akiba tukakuta limechakaa hadi nyuzi zinaonekana. Tajiri alipopigiwa simu alisema, “Kaka, si uliliona asubuhi?” Sikuwa nimeliona; lilikuwa limefunikwa na turubai, nami nilikuwa nimeona aibu kumsumbua utingo alifunue. Tulilala pale pale, viakisi mwanga vikiwa vimepangwa nyuma ya gari, na saa 2 asubuhi Jumatatu, wakati wenzangu wanasaini daftari la mahudhurio, mimi nilikuwa nakunja shingo kwenye benchi la fundi wa matairi. Tajiri alikata gharama ya tairi kwenye malipo yangu, na kwa kuwa hatukuwa tumeandika lolote, sikuwa na pa kushika.

Mzigo na mizani

Gari lolote la mizigo lenye uzito wa kuanzia tani 3.5 ni lazima lipite mizani. Ukitoka Dodoma kuelekea Singida utakutana na ya Nala, na mbele kabisa, karibu na Singida, ya Njuki. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini Machi 2019, inapima uzito wa jumla na pia uzito wa kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, na hapo ndipo wageni wa kazi huumia. Lori la ekseli mbili linaruhusiwa tani 8 kwenye ekseli ya mbele na tani 10 kwenye ya nyuma yenye matairi manne, jumla tani 18, isipokuwa kama kadi ya gari inaonyesha uwezo mdogo zaidi, ambapo unafuata kadi.

Chukua mfano wa gari ambalo likiwa tupu lina tani 7. Zimebaki tani 11. Magunia 100 ya kilo 100 ni tani 10, na tani moja iliyobaki inawatosha utingo, mafuta, turubai na tairi la akiba. Sasa tuseme wafanyabiashara washone lumbesa, gunia lenye kichwa kinachofika kilo 130: magunia yale yale 100 yamekuwa tani 13 na gari limefikia tani 20, ingawa idadi kwenye karatasi haijabadilika. Kwa hiyo usihesabu magunia, pima. Chagua gunia moja bila kumwambia mtu, liweke kwenye mzani wa sokoni, kisha zidisha. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, hivyo hata mwenye mzigo akinuna hana hoja.

Hata uzito wa jumla ukiwa sawa, upangaji unaweza kukuangusha. Wapakiaji hupenda kuanzia nyuma kwenye mlango, kwa kuwa ni karibu, kisha hurundika hapo hapo. Ekseli ya nyuma inavuka tani 10 wakati ya mbele bado ni nyepesi, na usukani unakuwa laini kwa namna isiyopendeza. Simama ndani ya bodi wakati wa kupakia, agiza safu ya kwanza ianzie ukuta wa kabini, na usiondoke kwenda kunywa chai hadi nusu ya mzigo iwe imepanda.

Alfajiri ya safari

Pokea gari kukiwa na nusu saa ya kulikagua, na ulikague kwa utaratibu ule ule kila mara. Kwanza yamwage maji kwenye mitungi ya upepo; ukivuta kamba ya valvu pale chini utasikia mlio mkali, kisha maji machafu yatatoka kabla ya hewa safi. Washa injini hadi geji ya upepo ijae, zima, kaa kimya usikilize. Gari zima halipigi mluzi. Kanyaga breki na uishikilie kwa dakika moja huku ukitazama mshale: ukiendelea kushuka wakati mguu wako haujasogea, kuna mahali panavuja, na safari haipo hadi pazibwe. Zunguka na nyundo, gonga kila tairi, hasa yale ya ndani ambayo jicho haliyaoni. Tairi lenye upepo hurudisha nyundo mkononi na lililopungua huimeza. Gusa nati za magurudumu, angalia kama kuna michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati, kwa maana hiyo ni dalili ya kulegea. Na tairi la akiba lifunuliwe, hata kama utingo atakunja uso.

Karatasi za mzigo zikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki: risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, stakabadhi ya ushuru wa mazao, na kibali cha mifugo au cha mazao ya misitu ikiwa ndivyo ulivyobeba.

Barabarani, shuka mlima kwa gia ambayo ungeupandia, ukitumia breki ya ekzosti na kuigusa ya miguu kwa vipindi. Kuweka gari huru kwenye mteremko ili kuokoa mafuta ni desturi ambayo utaiona, na madereva wazoefu watakucheka usipoifuata, waache wacheke. Ukifika Dodoma ukielekea upande wa pili wa mji, tumia barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, badala ya kuingia na lori katikati ya bajaji na pikipiki za saa 11 jioni.

Jioni ya Jumapili, unaporudisha gari, andika kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, piga picha ya matairi yote, la akiba likiwemo, pamoja na taa za nyuma, na umtumie tajiri kwenye simu kabla hujamkabidhi funguo. Mwambie mdomoni hitilafu yoyote uliyoisikia, hata ile ndogo ya gia ya tatu inayokwaruza, kisha umwombe dereva wa kudumu akujibu Jumatatu alichokiona. Malipo yako yapokee hapo hapo au kwa simu usiku huo huo, saini karatasi, panda bajaji urudi nyumbani, na uandike kwenye daftari saa uliyolala.